Mrejesho: Namba za uthibitisho za benki sasa zinaingia

Habari zenu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini namba ya uthibitisho yenye tarakimu 6, inayotumwa na benki kwa SMS ninapoingia kwenye akaunti mtandaoni, haifiki kwenye simu yangu. Asanteni sana mlionijibu.

Laini ilikuwa na mtandao na SMS za watu zilikuwa zinaingia kama kawaida. (Ingekuwa mtandao umekatika ghafla kwenye laini, ningewahi kampuni ya simu na benki haraka, maana huenda mtu kaihamisha namba yangu.) Nikafungua sehemu ya ujumbe taka kama mlivyonishauri. Zilikuwa humo zote 11! Jina la mtumaji lilikuwa limezuiwa, nadhani nililizuia mwenyewe nilipochoshwa na matangazo. Nikaondoa kizuizi, nikaomba namba, ikaingia papo hapo.

Bado ikakataliwa. Kumbe kwa papara nilikuwa nimeomba mara 3 mfululizo. Kila namba mpya inafuta iliyotangulia, na mimi nikaandika ya kwanza. Akaunti ikafungwa kwa muda.

Katikati ya hayo akanipigia mtu akijiita wa huduma kwa wateja, anataka nimsomee namba ikiingia. Nilikata. Nikapiga mwenyewe ile namba iliyo nyuma ya kadi. Mhudumu wa kweli alihakiki taarifa zangu na kuifungua akaunti, hakugusia kabisa nywila wala namba ya uthibitisho. Tangu juzi naingia bila shida.