Tupeane uzoefu: Subaru Forester XT ya injini ya EJ20 turbo, imekuliza au imekutunza?

#1 (mwanzisha mada, Dar)
Wakuu habari za jioni. Nimejikusanya kusanya na macho yangu yote yapo kwa Forester SH5 (hiyo ni namba ya modeli) XT, yaani yenye turbo, ya 2009, ipo hapa hapa mjini, mwenye nayo ni mtu wa pili kuitumia toka ishuke bandarini. Sasa kila ninayemwambia ananipa pole kama nimefiwa, mzee mmoja pale kijiweni kasema hela hiyo bora ninunue kiwanja hata kama ni Chanika huko. Mimi sitaki za kusikia, namtaka aliyemiliki au aliyeifungua hiyo injini kwa mikono yake.
Ninachokijua ni hiki, injini ya cc 1994, silinda nne zimelala mbili kulia mbili kushoto, vali 16, farasi 230 kwa SH5 na ile modeli ya SG5 iliyoitangulia ilikuwa 220, inatumia belti sio cheni, otomatiki ya gia nne. Kinachoninyima usingizi ni hii habari ya "zinanoki", yaani injini inagonga mpaka inakufa. Zinanoki kwa nini? Karibuni, na aliyeliwa hela aje aseme bila aibu.

#2 (Mbeya)
Aliyeliwa hela nipo mkuu. SG5 ya 2004. Tulipata msiba Mbeya nikatoka Dar saa nane usiku na watu wanne ndani na mizigo, sikufungua hata boneti, nilikuwa na akili kwamba nimemwaga oil na kuweka mpya mwezi uliopita sasa ya nini kuangalia. Gari linatembea vizuri tu, Mikumi hapo nakimbia kistaarabu kwa sababu ya wanyama na tochi, kufika Kitonga nimekutana na malori yamepanga foleni, nikipata upenyo nakanyaga mpaka chini, turbo inaita, raha. Juu kabisa nikaanza kusikia kitu kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria, ka ka ka ka, ukikanyaga kinaongezeka ukiachia kinapungua. Nikaongeza redio (ndio, niliongeza redio). Nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka Iringa mjini, pale ikawa sio kijiko tena ni nyundo.
Fundi kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oil, ni kavu. Kufungulia oil chini imetoka kama lita moja na nusu, na hiyo injini inakula lita nne na kidogo. Beringi ya konrodi imesagika imekuwa kama karatasi ya pipi, krankshafti ina mifereji. Na taa ya oil haikuwaka hata mara moja mpaka nimeshaingia Iringa! Ndio nikafundishwa kwamba ile taa inapima presha, haipimi oil iliyobaki. Ikiwaka wewe tayari ni wa kuzikwa. Nimenunua injini nyingine ya Japan iliyotumika, hela niliyotoa naomba nisiitaje mke wangu naye yumo humu.

#3 (fundi, Dar)
Mi nafungua boksa (hizi injini za silinda zilizolala) miaka 14 sasa, naweza nikamjibu mwanzisha mada kuhusu kunoki. Mkuu #2 kasema kweli tupu na hicho kisa nimekipokea gereji sijui mara ngapi, kinachobadilika ni jina la mlima tu, leo Kitonga kesho Sekenke.
Hii injini oil inaipoteza kidogo kidogo na hakuna anayejua, maana haimwagiki chini ukaiona. Ringi zikichoka inaichoma, sili za turbo zikichoka inaipitisha kwenye ekzosti, gasketi za kava za vali zinavuja na kwa vile silinda zimelala oil inadondokea juu ya bomba la moto inaungua hapo hapo, ndio ile harufu unaisikia ukisimama kwenye foleni ukadhani ni la jirani. Nyingine inaingia kwenye matundu ya plagi inakula mpira wa koili inayopeleka umeme kwenye plagi, gari linaanza kukosa silinda moja mtu anabadilisha koili kila mwezi wakati tatizo ni gasketi. Sasa we una desturi ya kuangalia oil siku ya kumwaga tu, kilomita elfu tano au elfu saba zijazo, kwa injini hii umejitafutia.
Halafu kuna kitu kidogo sana mafundi wengi hawakijui. Bolti inayoshika kale kapaipu ka kupeleka oil kwenye turbo, kwenye nyingi ndani yake kuna kachujio ka waya kama chujio la chai. Oil ikikaa muda mrefu inaganda, inaziba kale kachujio, turbo inakosa oil na yenyewe inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Inakufa. Mtu anafunga turbo nyingine bila kugusa kachujio, wiki tatu na yenyewe imekufa, anasema nimeuziwa feki. Turbo ikishakufa vibaya vyuma vyake vinaenda na oil mpaka kwenye beringi, hapo unarudi kwenye kisa cha mkuu #2.

#4 (Nairobi)
Sasa wasee wa TZ, huku kwetu hii SH5 ni kama kitambulisho cha taifa haha. Zilizo barabarani ndizo hizo, mpya haziingii tena juu ya ile sheria ya kutoingiza gari la zaidi ya miaka 8, kwa hivyo ukinunua saa hii unanunua ya mtu, na huyo mtu aliiendesha kama vile nilikuwa naendesha yangu.
Yangu haikuua beringi, ilivunja pistoni. Ikiwa vile ilitoka kiwandani haikuwa na shida yoyote lakini nilikuwa na marafiki. Kuna jamaa alinifungia kifaa cha kuongeza bust (presha ya hewa ya turbo), akanifungia ekzosti kubwa, hakugusa programu ya kompyuta ya gari hata kidogo, akaniambia iko sawa endelea. Na mimi hapo natia mafuta ya kawaida tu. Mnajua hizi gari za Japan zimepangwa kwa ile petroli yao ya hai-oku, ile ya oktani kama 100, iko hata kibandiko kwa kifuniko cha tangi lakini ni ya Kijapani so nani anasoma. Bust juu, oktani chini, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni za kiwandani ni za kumimina si za kufua, hazipendi hiyo kitu. Thika Road usiku, gia ya tatu, nikahisi kama gari limeshikwa shati. Moshi wa bluu, asubuhi inatetemeka ikiwa baridi, dipstiki inasukumwa juu yenyewe. Kufungua, ile kingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili imekatika kipande. Nilikuwa na deni la sacco la hiyo gari miezi kumi na nne mbele.
Sasa niko na nyingine, XT pia (usinicheke), haijaguswa, na natia petroli ya bei ya juu kila siku.

#5 (Arusha)
Naona wanaume tu mnaomboleza, ngoja dada yenu niseme. Nina SH5 XT mwaka wa sita huu, niliipokea na kilomita elfu 90 sasa ipo laki moja na themanini na kitu, injini ile ile turbo ile ile. Siri hakuna. Jumamosi asubuhi kabla sijaiwasha nachomoa dipstiki, nafuta, narudisha, nasoma, naandika kwenye kidaftari cha duka. Ikipungua naongeza, nina lita moja kwenye buti siku zote. Oil ni sintetiki 5W-40 kila kilomita elfu tano na haijalishi nani anasema inafika elfu kumi. Kwa kidaftari changu inakula kama nusu lita kila elfu tatu, na hiyo nimeambiwa ni ya kawaida kwa umri wake. Shemeji yenu alikuwa ananicheka, yake ya dizeli imeshafunguliwa injini mara mbili.
Matatizo nimepata, siwadanganyi. Koili moja. Belti ilipofika laki nilibadilisha na tensheni yake na rola zote na pampu ya maji kwa pamoja, iliniuma lakini nikaambiwa ikikatika vali zinagongana na pistoni, nikanyamaza nikalipa. Na siku moja natoka Namanga gari likapiga "pshaaa" likakosa nguvu kabisa, moshi mweusi nyuma, nikajua turbo ndio imekwenda, nikalia kabisa. Kumbe bomba la intakula (ile ya kupoza hewa ya turbo) limechomoka kwenye klempu! Kijana wa bodaboda kalirudisha na bisibisi dakika tano, nikampa elfu tano.
Mafuta ndio sitawaficha, mjini ni kilomita saba kwa lita, nane nikiwa mpole.

#6 (Mombasa)
Nyie mwasahau rejeta. Huku joto ni joto, zile tangi za plastiki za juu za rejeta zapasuka zikizeeka, utaona ufa mwembamba kama unywele. Mimi yangu ilichemka Mariakani niko nyuma ya trela, nikazima mara moja nikangoja saa nzima, ndiyo maana hedi zangu hazikupinda. Na je, ni kweli ni lazima uache injini ingurume dakika mbili kabla ya kuzima? Kuna mtu alitaka kuniuzia turbo taima, kile kifaa cha kuichelewesha injini kuzima.

#3 (fundi, Dar)
Mkuu wa Mombasa hiyo taima usinunue, tia hiyo hela kwenye oil. Turbo ya hii gari inapozwa na maji pia, sio oil peke yake, na kile kitangi kidogo cha maji kilichokaa juu ya injini kimewekwa pale makusudi ili ukizima maji ya moto yapande yenyewe na ya baridi yashuke. Wewe kilomita mbili za mwisho nenda polepole, basi. Ila kama umetoka kupanda mlima kwa nguvu ukakata kona ukaingia sheli ukazima hapo hapo, hapo ngoja dakika moja mbili, oil isiungue kwenye shafti.
Mwanzisha mada, kwanza hakikisha ni turbo kweli. SH5 ni namba ya modeli ya zote mbili, turbo na isiyo turbo, na watu wanabandika beji ya XT na lile pua la boneti, fungua uone intakula kwa macho. Pili nenda ikiwa BARIDI. Hili usikubali lipite. Injini ikishapashwa moto kabla hujafika huwezi kusikia inavyowaka ikiwa baridi, na yenye beringi inayokufa ikiwekewa oil nzito jana yake inaweza kunyamaza kama mtoto aliyekula. Shika boneti kwa mkono kabla hujasalimia. Halafu dipstiki, halafu mpime kompresheni (presha ndani ya silinda) silinda zote nne.

#4 (Nairobi)
Na umuulize kama iliwahi kufungwa kitu na kikatolewa. Angalia mabomba, alama za klempu za zamani huwa zinabaki.

#1 (mwanzisha mada, Dar)
Wakuu mrejesho. Tulipatana saa mbili asubuhi, nikaenda saa moja kasoro. Nimeweka mkono kwenye boneti, ya moto. Namuuliza mwenye gari mbona ya moto, ananiambia nimetoka kuliosha kiongozi.
Gari lina vumbi mpaka kwenye vioo.

#2 (Mbeya)
😂😂 Chanika bei gani siku hizi?

#1 (mwanzisha mada, Dar)
Sijakata tamaa mkuu. Dada wa Arusha, hiyo yako huna mpango wa kuiuza?

#5 (Arusha)
Sina. Na hata nikiiuza kidaftari nabaki nacho.