Uji wa pumba kwa farasi: unamsaidia yeye au sisi?

Bi Hatamu:
Wenzangu, jana tumerudi safari ndefu, farasi kalowa jasho mpaka tumboni. Mwenzangu akachota pumba za ngano, akamwagia maji moto, akatia chumvi, akafunika ndoo kwa gunia dakika 20, akampa. Nikamwambia huo uji hauna maana. Tangu jana hatusemeshani. Naomba hukumu: uji wa moto unasaidia tumbo na uchovu, au ni mazoea tu?

Saisi Mkongwe:
Unasaidia, tena sana. Miaka 30 nimelisha uji wa pumba kila Jumamosi jioni, kwa kuwa Jumapili farasi hatoki. Asubuhi samadi laini, farasi mchangamfu. Akishakula uji akatulia, akacheua vizuri, tumbo halimsokoti. Maneno haya yameletwa na hawa wa siku hizi wanaosoma mgongo wa mfuko wa chakula.

Kwato Nne:
Farasi ANACHEUA? Mzee, hiyo miaka 30 ulikuwa unalisha ng'ombe.

Saisi Mkongwe:
Adabu, kijana. Kucheua kwetu ni pamoja na kubeua, kutoa gesi. Jifunze Kiswahili kwanza, farasi baadaye.

Kwato Nne:
Hata kubeua habeui! Mlango wa juu wa tumbo lake umekaza, kinachoingia hakirudi. Hatapiki, hapigi mbweu. Ndiyo maana gesi ikimjaa tumbo linaweza kupasuka. Shikamoo lakini.

Tandiko Kuukuu:
Mimi wangu anapiga mbweu. Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili, kila akimaliza kula.

Kwato Nne:
Akiwa kauma ukingo wa hori?

Tandiko Kuukuu:
Ndiyo. Kwani vipi?

Kwato Nne:
Basi hiyo ni tabia ya kuvuta hewa kooni. Sauti ni ya hewa inayoingia, si inayotoka. Mpe nyasi zaidi, mtoe zizini azunguke, na umwite daktari amtazame.

Tandiko Kuukuu:
Sasa mnanifundisha farasi wangu. Haya.

Daktari wa Mazizi:
Jamani, ndoo ya watu inapoa. Mzee wangu, samadi laini ya Jumapili nakubali uliiona, ila sababu yake siyo uliyodhani. Pumba hazifungui choo cha farasi. Kwenye utumbo wake mpana kuna bakteria wanaomsagia nyasi, na wamezoea chakula kilekile kila siku. Ukiwamwagia kitu kigeni mara moja kwa wiki, wanavurugika. Ule ulaini mara nyingi ndiyo vurugu yenyewe, na vurugu hizo ndizo zinazoweza kuleta msokoto wa tumbo. Halafu pumba zina fosforasi karibu mara 10 ya kalsiamu. Ukimlisha kwa wingi kila siku, miezi na miezi, bila kusawazisha, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa na uso unavimba. Zamani farasi wa wasaga nafaka waliugua hivyo, maana pumba ndizo zilizokuwa zimewajaa mlangoni.

Saisi Mkongwe:
Kwa hiyo miaka 30 nilikuwa nawavimbisha vichwa. Asante, daktari. Hakuna hata mmoja aliyevimba, ila asante.

Daktari wa Mazizi:
Sijasema hivyo, mzee. Mara moja kwa wiki haivimbishi. Nimesema KILA SIKU.

Saisi Mkongwe:
Vyeti havilishi farasi.

Bi Hatamu:
Na uchovu je? Ndilo nililouliza.

Daktari wa Mazizi:
Nguvu iliyotumika kwenye misuli ya farasi hujirudisha kwa siku 2 hadi 3. Ndoo moja haiharakishi hilo. Alichopoteza jana ni maji na chumvi: akifanya kazi ngumu kwenye joto, farasi mkubwa anaweza kutoa jasho lita 10 hadi 15 kwa saa, na jasho lake lina chumvi kuliko letu. Kwa hiyo kilichofaa kwenye ndoo ya mwenzako ni yale maji na ile chumvi. Pumba zilikuwa msindikizaji.

Mkia Mfupi:
Mimi nalowesha chakula chake kilekile cha kila siku kwa maji ya uvuguvugu. Farasi mzee, magego yamekwisha, akila kikavu kinamkwama kooni. Hilo nalo ni kosa?

Daktari wa Mazizi:
Hapana, hongera. Hujabadilisha chakula, umeongeza maji. Wakati wa baridi kali uvuguvugu nao una faida yake, maana farasi hunywa maji mengi zaidi yasipokuwa ya barafu. Kumpasha mwili ni kazi ya nyasi. Zinapochacha utumboni ndipo anapopata joto, tena la usiku kucha.

Tandiko Kuukuu:
Ila akiuona uji anachekelea. Mnyama akifurahi si amepona nusu?

Kwato Nne:
Akiona sukari pia anachekelea. Anayepona pale ni wewe uliyeshika ndoo. Na bado namsubiri mzee akiri kwamba farasi hacheui.

Saisi Mkongwe:
Mtoto wa juzi huyu. Ulishawahi kukesha na farasi anayegaagaa mpaka alfajiri?

Kwato Nne:
Mara mbili. Na mara zote mbili ilikuwa Jumapili.

Tandiko Kuukuu:
Ohoo.

Bi Hatamu:
Sawa, sawa. Mwenzangu yuko nje anachemsha maji mengine sasa hivi. Nimwambie nini?

Mkia Mfupi:
Mwambie maji na chumvi abaki navyo, pumba azirudishe stoo.

Kwato Nne:
Na umwambie farasi hacheui.

Saisi Mkongwe:
NILISEMA KUBEUA.