Naomba ushauri: kuchochea neva kwa umeme baada ya upasuaji wa saratani ya puru

BintiMzee: Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu alikatwa puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) kwa sababu ya saratani, akapigwa mionzi, na mfuko wa kinyesi aliokuwa nao tumboni ukaondolewa mwaka jana. Tangu hapo hawezi kuzuia haja kubwa: akitoka chooni hurudi baada ya dakika chache, na ameacha kwenda msikitini kwa kuhofia udhu wake. Daktari ametaja kifaa cha kuchochea neva. Je, kinamfaa mtu kama yeye?

Muuguzi_Pwani: Pole sana dada, na umfikishie mzee pole zangu. Wengi waliokatwa puru hupatwa na hali hiyo, kwa kuwa sehemu iliyokuwa ikihifadhi kinyesi imeondolewa, na neva za kubana njia ya haja huweza kuumizwa na upasuaji pamoja na mionzi. Kabla ya kifaa, hakikisheni amejaribu kwa dhati isabgol (unga wa nyuzinyuzi wa kugandisha kinyesi), vidonge vya loperamidi vya kupunguza kuharisha na mazoezi ya misuli ya nyonga. Vilevile kuna kuosha utumbo kwa maji kupitia njia ya haja kubwa, jambo ambalo huwapa wengi saa kadhaa za utulivu, ila lisifanywe bila idhini ya daktari aliyempasua.

Mgeni_Leeds: Shikamoo kwa mzee. Mimi nimewekewa kifaa hicho huku Uingereza. Waya mwembamba hupitishwa kwenye tundu la mfupa mpana wa sehemu ya chini ya mgongo hadi karibu na neva, kisha huunganishwa na betri ya nje kwa wiki mbili au tatu, nawe unaandika kila haja na kila ajali. Dalili zikipungua angalau kwa nusu, ndipo betri ya kudumu huwekwa chini ya ngozi, juu ya tako. Zisipopungua, waya hutolewa. Sikupona kabisa, lakini sasa ninapata muda wa kufika chooni. Kuna pia njia ya kuchochea neva kwa sindano kwenye kifundo cha mguu, lakini singeitegemea sana, kwa sababu utafiti mkubwa uliochapishwa hapa mwaka 2015 haukuonyesha kuwa inaizidi waziwazi tiba ya kuigiza (ya uongo, inayotolewa kwa ajili ya kulinganisha tu).

BintiMzee: Nashukuru sana. Tumuulize daktari nini hasa?

Muuguzi_Pwani: Ulizeni kwanza kama kifaa hicho kinaruhusu kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), maana mzee bado anafuatiliwa saratani, kisha betri hudumu miaka mingapi na nani ataibadilisha. Kuhusu sala, mwoneni sheikh awaeleze hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, ambaye hutawadha kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia.