Hilux yangu inaruka kama mbuzi nyuma baada ya kuongezewa springi, nisaidieni

Mchotamaji wa Newala
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina Hilux LN106, injini 3L, dizeli, springi za vyuma bapa vilivyopangwa mbele na nyuma. Kiangazi nabeba maji, simtanki la lita 1,000. Msimu wa korosho ukianza nashusha tanki nasomba magunia kutoka vijijini kupeleka ghalani.

Mwaka jana nyuma ilikuwa inalala mpaka bampa inataka kulamba mchanga. Nikaenda kwa fundi mmoja (simtaji, tunaonana kila Ijumaa), akasema dawa ni kuongeza springi mbili kila upande, mtumba za Fuso. Tukakata, tukatoboa, tukafunga.

Sasa nikiwa na mzigo, gari limesimama kama askari wa gwaride. Balaa ni nikiwa mtupu. Njia za vijijini mnazijua, mchanga mwekundu mtupu. Nikipanda kilima kidogo tu tairi za nyuma zinapigapiga, du-du-du-du, gari haliendi, linachimba. Nikifika kwenye ile njia yenye migongo kama bati, mkia unahama wenyewe kuelekea kulia. Juzi nusura niingie kwenye mkorosho wa mtu. Nimerudi kwa fundi, kanishauri nikiwa mtupu nibebe mawe matatu makubwa.

Nataka lishike njia na livute kwenye mchanga, na mzigo bado libebe. Mfukoni nina laki tano. Nianzie wapi?

Korosho Ghafi
Mawe tena! Yaani dizeli ya kwako, mawe yanatembezwa bure. Mkuu, malizia kununua Fuso yenyewe, springi si tayari unazo?

Fundi Mstaafu, Mikindani
Mwanangu, kabla sijasema lolote nipimie vitu vitatu. Unene wa springi moja ya Hilux na moja ya Fuso. Upepo wa tairi za nyuma ukiwa mtupu. Halafu chukua kamba, pima kutoka katikati ya tairi ya mbele mpaka katikati ya tairi ya nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, usukani ukiwa umenyooka.

Mchotamaji wa Newala
Shikamoo mzee. Springi ya Hilux mm 7, ya Fuso mm 10. Za zamani zilikuwa tano kila upande. Upepo ni PSI 50, sibadilishi, niwe na mzigo au nisiwe nao. Kamba imenishangaza: kulia ni parefu kuliko kushoto kwa vidole viwili.

Fundi Mstaafu, Mikindani
Marahaba. Basi una magonjwa matatu.

Kwanza vidole viwili. Ekseli yako imehama. Ama bolti ya katikati inayoshika springi pamoja imekatika, ama yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, zimelegea. Gari la hivyo linatembea upande kama kaa, na huo ndio mkia wako unaokwenda kulia. Usiende nalo popote mpaka ulifungue. Yubolti zikishafunguliwa nunua mpya, zile zimeshavutika na nyuzi zake haziaminiki. Ukifunga mpya, baada ya kilomita 500 hivi rudia kuzikaza gari likiwa chini kwenye tairi zake. Vijana wengi huruka hatua hii.

Pili, unene. Watu hudhani springi ya mm 10 inazidi ya mm 7 kidogo tu. Sivyo. Ugumu unakwenda kwa unene kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Saba mara saba mara saba ni 343. Kumi hivyohivyo ni 1,000. Kwa hesabu ya haraka, urefu na upana vikilingana, moja ya Fuso ni sawa na karibu tatu zako. Umeongeza mbili, ni kama umeongeza sita. Gari lililotoka kiwandani na tano wewe unalitembeza na kumi na moja! Likiwa tupu nyuma hakuna uzito wa kuzikunja, kwa hiyo kila tuta linairusha tairi juu, na tairi iliyo hewani haivuti.

La tatu ni shokapu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza. Shokapu iliyotengenezwa kwa springi tano haiwezi kutuliza kumi na moja, hata ikiwa mpya. Yako sidhani kama ni mpya.

Mchotamaji wa Newala
Ya kulia inavuja mafuta tangu mwezi wa sita.

Fundi Mstaafu, Mikindani
Nilijua.

Turbo Masasi
Mimi nawapinga kidogo. Hiyo du-du-du ni springi kujisokota. Ekseli ikipewa nguvu, pua ya difu (lile bonge la giya katikati ya ekseli) inanyanyuka, springi inapinda kama herufi S, inajirudisha, inapinda tena. Wamarekani wanafunga vyuma viwili kutoka kwenye ekseli kwenda kwenye chesisi kuzuia hilo. Chongesha vyuma hivyo, kazi kwisha.

Fundi Mstaafu, Mikindani
Unalosema lipo, ila ni la springi laini na injini yenye fujo. 3L haifiki farasi mia moja, na springi zake sasa ni nene kama reli. Hapo kipi kitajisokota? Hivyo vyuma navyo vikifungwa vibaya vinazuia ekseli kucheza, kwenye makorongo tairi moja inabaki inaning'inia.

Dereva wa Chumvi, Kilwa
Upepo 50 ukiwa mtupu kwenye mchanga, kaka, hapo umejiloga mwenyewe. Mimi natoa chumvi kwenye mashamba ya pwani, mchanga nimeula miaka. Nikiwa mtupu nyuma naweka 28. Nikiona mchanga mzito nashusha mpaka 18, natembea taratibu, sikati kona kwa nguvu. Tairi inalala, inashika eneo kubwa, haichimbi. Nikitoka najaza kwa pampu ya kuchomeka kwenye betri. Usisahau kujaza, maana tairi laini kwenye lami inapata moto hadi inapasuka. Jaribu hili leo, ni bure.

Pia hiyo LN106 ni fo wili. Habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu, unafunga? Wengi wanavuta giya ya fo wili huku habu ziko wazi, halafu wanailaumu gari.

Mchotamaji wa Newala
Habu nafunga, hilo silo. 28 nimejaribu jioni hii, kile kilima nimepanda. Bado inaruka, ila nimepanda!

Dada wa Gereji, Lindi
Naomba niulize swali ambalo hamjauliza. Breki zikoje ukiwa na mzigo?

Mchotamaji wa Newala
Umenishtua dada. Pedi za mbele zimekwisha ndani ya miezi mitatu. Nikadhani ni feki.

Dada wa Gereji, Lindi
Si lazima ziwe feki. Angalia chini, juu ya ekseli ya nyuma, kuna fimbo nyembamba inakwenda kwenye valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Nyuma ikilala, fimbo inaiambia valvu kwamba kuna mzigo, inaruhusu breki nyingi nyuma. Wewe umenyanyua gari na springi hazilali tena, kwa hiyo valvu inaamini huna kitu hata ukiwa na tani moja ya maji. Breki zote zinafanywa na mbele. Kwenye miteremko ya Newala, na maji yanayosukuma kutoka nyuma, mimi nisingepanda hilo gari.

Na tanki lisogeze mpaka liguse kebini, uzito ukae mbele ya ekseli na siyo nyuma yake. Nusu tanki ni mbaya kuliko tanki zima, maji yanapiga huku na huku kwenye kona. Jaza au mwaga.

Turbo Masasi
Basi aweke mifuko ya upepo, Australia wanaipenda. Mzigo unajaza, mtupu unatoa.

Dada wa Gereji, Lindi
Hukohuko Australia kuna pikapu zimepinda chesisi kwa ajili ya mifuko hiyo. Springi inagawa uzito sehemu mbili za chesisi, mfuko unausukuma wote katikati. Kwa mtu wa tani moja kwenye makorongo, hapana.

Fundi Mstaafu, Mikindani
Mwanangu, fanya hivi. Toa za Fuso. Zako tano zipeleke kwa mhunzi anayejua moto azirudishie upinde, au tafuta fungu zima lisilochoka. Ongeza helpa moja, ile isiyogusa mpaka gari lishuke na mzigo. Shokapu mbili mpya, bushi (mipira ya kwenye ncha za springi) mpya, yubolti mpya. Fimbo ya dada irekebishwe mwisho, gari likiwa limeshakaa kimo chake. Na usijaze maji kisha ukapandisha watu juu, helpa haiongezi nguvu ya ekseli wala ya breki.

Mchotamaji wa Newala
Wakuu, wiki tatu zimepita, narudisha majibu. Bolti ya katikati kulia ilikuwa imekatika vipande viwili, mzee hakukosea. Nimepata fungu zima la mtumba lenye helpa, shokapu mpya, bushi, yubolti. Laki tano imeisha na elfu sitini nimekopa kwa shemeji. Nikiwa mtupu gari linatulia kwenye migongo, na kilima napanda bila kuchimba. Nikijaza maji nyuma inalala kidogo, siyo kama zamani. Breki sasa nazisikia zinakamata nyuma. Jana nimezikaza yubolti upya, moja ilikubali karibu robo mzunguko.

Korosho Ghafi
Na yale mawe?

Mchotamaji wa Newala
Mama watoto kayafanya mafiga. Springi nne za Fuso zipo uani, mwenye gari lake aje achukue.