Mjadala: Kwenye gemu natazama kwa macho au kwa kamera?

Mleta mada

Wakuu, juzi nilinyanyuka kwenye kochi na kitambaa mkononi nikafute kioo cha TV. Kila nikigeukia jua, madoa yanatanda usoni mwa adui. Nafuta, hayatoki. Kumbe ni gemu lenyewe, limechorewa vumbi la lenzi! Mimi ni askari, nina macho mawili. Lenzi nimeitoa wapi?

Chukueni Bloodborne ya 2015 kwenye PS4. Mji umechongwa jiwe kwa jiwe, halafu pembeni mwa skrini kingo za vitu zinachuja rangi, wekundu huku, buluu kule, na hakuna pa kuzima. Hiyo ni kasoro ya lenzi. Kioo hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu, kwa hiyo rangi haziangukii sehemu moja. John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi inayoipunguza mwaka 1758. Mafundi wamepambana nayo miaka yote hiyo, leo tunachosha mashine ili irudi!

Na ule ukungu wa vitu vya mbali je? Kwenye sinema kuna mtu amechagua nitazame nini. Gemu halijui jicho langu liko wapi. Mimi natafuta mtu kule mlimani, lenyewe linanisafishia bunduki niliyoishika.

Sisemi wasiweke. Wanipe pa kuzimia tu. Mass Effect ya 2007 ilikuja na chenga za filamu, zile punjepunje kama za sinema za zamani, na pa kuzizima ikaweka.

Mchangiaji

Mkuu, umezitupa zote kapu moja. Ukungu wa mwendo una kazi yake. Sinema inakwenda fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, na kwa kawaida shata, mlango wa mwanga kwenye kamera, inakaa wazi nusu ya muda wa kila fremu. Mkono ukipita haraka unaacha mfifio, jicho linaunganisha. Gemu la fremu 30 bila huo ukungu linarukaruka kama daladala kwenye matuta. Isitoshe, magemu mengi unamwona mhusika kwa mgongoni. Hayo ni macho ya nani kama si kamera?

Mleta mada

La mgongoni umenishika, sina jibu. La fremu 30 nakupa nusu. Gari likinipita mbele, sawa, lififie. Ila nikigeuka kwa pedi skrini nzima inakuwa uji, na adui yuko humohumo kwenye uji. Mdogo wangu dakika kumi tu anashika tumbo, kichefuchefu.

Mchangiaji mwingine

Basi mdogo wako ana haki ya kuzima, na huyo mkuu hapo juu ana haki ya kuwasha. Mnagombania nini?

Mimi bado niko na PS2 na TV ya chogo. Chenga napata za bure, nikipiga kofi ubavuni zinazimika.