Bosoni ya Higgs HAIKUGUNDULIWA na Higgs! Mwanafunzi wangu kanyang'anywa alama kwa jibu sahihi

Wakuu, salaam. Nimelibeba hili tangu Jumamosi na limenishinda, wacha niliseme.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Lindi. Jumamosi tulikuwa na mashindano ya sayansi, shule kadhaa. Tumefika swali la mwisho, sisi na shule moja tumefungana. Swali lilihusu chembe moja ndogo kuliko atomu: "Nani aligundua bosoni ya Higgs, na mwaka gani?" Akasimama binti wa kidato cha tatu, akajifuta chaki kwenye sketi, akajibu bila kubabaika: "Watafiti wa ATLAS na CMS, kule CERN, Geneva, mwaka 2012." (CERN ni maabara kubwa ya fizikia ya chembe; ATLAS na CMS ni majaribio yake mawili.)

Nikaanza kupiga makofi. Msimamizi akachungulia karatasi yake ya majibu, akatikisa kichwa. "Sio. Ni Peter Higgs, 1964." Kalamu nyekundu ikapita. Tukakosa ushindi kwa alama mbili, na yule mtoto akarudi kukaa huku ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Nikaenda mezani kwa adabu zote. Nikaambiwa: "Mwalimu, Nobel alipewa nani? Si Higgs? Basi ndiye mgunduzi, tusipotezeane muda."

Hapo ndipo nilipowaka, na mpaka leo sijapoa.

Kwanza, hata kwa hoja hiyohiyo yao karatasi imekosea. Nobel ya fizikia ya 2013 walipewa wawili, Peter Higgs na François Englert wa Ubelgiji. Englert na mwenzake Robert Brout walichapisha nadharia iliyo nyuma ya chembe hii kabla ya Higgs, Agosti 1964. Brout alifariki 2011 na Nobel haitolewi kwa marehemu. Mwaka huohuo wa 1964 kuna Guralnik, Hagen na Kibble nao walitoa andiko lao. Watu sita! Karatasi ya majibu inamjua mmoja.

Pili, na hapa ndipo penyewe. Walichofanya hao sita ni kutabiri, kwa kalamu na hesabu. Kazi kubwa, sibishi, na Higgs simnyimi hata chembe ya heshima yake. Lakini kutabiri si kugundua. Ukisema kwa hesabu zako kwamba chini ya shamba fulani kuna maji, umetabiri. Anayechimba mpaka yakatoka ndiye aliyeyapata. Utabiri ule ulikaa miaka 48 na hakuna aliyejua kama ni kweli.

Sasa ngoja niwaeleze waliochimba walifanya nini, maana naona watu wanadhani chembe ile iliokotwa tu. Mashine yao ya kugonganisha protoni iko kwenye handaki la duara lenye mzunguko wa kilometa 27, wastani wa mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ndani yake kuna sumaku 1,232 za kupindisha njia ya protoni, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35, na zinapozwa kwa heliamu mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri. Waliiwasha tarehe 10 Septemba 2008. Siku tisa baadaye kiungio kimoja cha umeme kikafeli, heliamu ikalipuka kutoka, sumaku zaidi ya 50 zikaharibika. Kiungio kimoja tu! Watu wakashuka handakini, wakatoa, wakatengeneza, wakarudisha, wakakagua. Zaidi ya mwaka mzima. Nani anajua jina la fundi hata mmoja?

Halafu chembe yenyewe haionekani. Inazaliwa takribani mara moja kwenye migongano bilioni, na inavunjika papo hapo kabla hujaigusa. Unachokiona ni mabaki tu, mfano fotoni mbili (chembe za mwanga) zinazokimbia pande tofauti, na chembe nyingine kibao nazo zinatoa mabaki yanayofanana na hayo. Kazi ni kuchambua mabaki hayo mpaka ubaki na uhakika kwamba uwezekano wa kupata kitu kile kwa bahati tu ni kama moja kwa milioni tatu na nusu. Tarehe 4 Julai 2012 vikundi viwili, kila kimoja na wanasayansi wapatao 3,000, vilisimama na jibu moja. Higgs mwenyewe alikuwepo ukumbini, akafuta machozi. Yeye alijua siku ile nani kafanya nini.

Ndiyo maana nasema ugunduzi ule ulistahili Nobel kwa haki yake, sio kutajwa tu. Maana kutajwa walitajwa: maelezo ya tuzo ya 2013 yanasema wazi kwamba nadharia ilithibitishwa na majaribio ya ATLAS na CMS. Medali ikaenda kwingine.

Najua mtaniletea kanuni ya Nobel ya watu wasiozidi watatu kwa tuzo moja. Kanuni imeandikwa na watu. Nobel ya Amani wamepewa Msalaba Mwekundu mara tatu, taasisi nzima. Na kwenye fizikia hiyohiyo, CERN walipogundua chembe za W na Z mwaka 1983, mwaka uliofuata wakapewa Carlo Rubbia na Simon van der Meer, na van der Meer alikuwa mhandisi! Juzijuzi, 2025, Tuzo ya Breakthrough, nayo tuzo kubwa ya sayansi, imekwenda kwa watafiti 13,508 wa majaribio ya mashine hiyohiyo. Kumbe inawezekana.

Na sisi wa Lindi ndio wa mwisho kuruhusu ujinga huu. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyefukuliwa huku kwetu, yuko makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ile ilifukuliwa na mamia ya babu zetu, ikabebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari yetu hapa. Majina yaliyobandikwa kwenye mijusi yakawa ya Wajerumani: Branca, Janensch, Sattler. Boheti bin Amrani, msimamizi wa machimbo, mtu aliyeujua mfupa kuliko wengi, alisubiri hadi 2007 ndipo mjusi mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Wapagazi mpaka leo ni "wapagazi". Halafu mwalimu wa Lindi anamfundisha mtoto wa Lindi kwamba mwenye jina ndiye aliyefanya kazi yote?

Nimeandika barua kwa waandaaji Jumatatu. Nimeambatanisha maelezo ya tuzo ya 2013, mstari wa ATLAS na CMS nimeupigia wino. Kimya. Nimepiga simu mara mbili, naambiwa matokeo yameshabandikwa.

Sitaki kikombe, wakae nacho. Nataka alama mbili za yule binti zirudishwe na karatasi ile ya majibu irekebishwe kabla ya raundi ya Mtwara mwezi ujao, kwa sababu nimesikia maswali ni yaleyale. Kama kuna mwalimu wa Mtwara, Masasi au Newala humu ambaye wanafunzi wake wanakwenda, aniandikie inbox leo tupeleke barua ya pamoja.