Sare ya raundi ya mwisho: je, niipeleke barua hii kwa mwamuzi?

Kitunda_d4: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri, kwani tangu Jumapili silali vizuri. Katika raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji nilishika kete nyeupe, nikafungua kwa kusukuma kitunda hadi d4, akajibu d5, kisha c4 na e6, tukaingia ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia iliyokataliwa. Nafasi ileile ya kete ikatokea mara tatu, hatua ya 19, ya 22 na ya 24, jambo linalompa mchezaji haki ya kudai sare, tukapeana mikono. Mchezaji aliyekosa zawadi kwa nusu pointi amelalamika, na mwamuzi anataka maelezo ya maandishi.

Mzee wa Ngome: Mwanangu, sare katika ufunguzi huo si ajabu. Mwaka 1927, kule Buenos Aires, Capablanca na Alekhine, wakigombea ubingwa wa dunia, walicheza mara 34 wakatoka sare mara 25, na karibu kila mchezo ulikuwa Gambiti ya Malkia. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa saa tano na ngome tupu dhidi ya ngome na kitunda, nikalinda mstari wa tatu hadi tukagawana pointi, na nilirudi nyumbani nimeridhika kuliko siku nyingi nilizoshinda.

Dada Malkia: Je, mlizungumza kabla ya mchezo?

Kitunda_d4: Kwa kuwa umeuliza, ndiyo, wakati wa chai ya asubuhi. Ni binamu yangu, tumelelewa nyumba moja, na sare ilitutosha sote wawili kupata zawadi. Hata hivyo tulicheza kweli. Hatua ya 21 nilisukuma kitunda hadi h3 nikitafuta upenyo. Barua nimekwisha kuiandika, inasema nafasi ilijirudia mara tatu, na sioni uongo hapo.

Dada Malkia: Kanuni zinaruhusu kukubaliana sare mkiwa mnacheza. Kuipanga kwenye chai ni kumdhulumu aliyekuja kushindana.

Mpiga Saa: Mimi nashuku kisa hiki kimetungwa. Kitunda hakirudi nyuma, kwa hiyo kama h3 ilichezwa hatua ya 21, nafasi ya hatua ya 19 isingeweza kutokea tena.

Kitunda_d4: Hakikutungwa. Nimeitoa karatasi ya mchezo, na h3 ipo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Basi nafasi ilitokea mara mbili tu, na hakuna kati yetu aliyemwita mwamuzi aje kuhesabu. Barua bado iko mezani, sijaipeleka.